Ndoo ya Pili Itapelekwa Wapi?



Alfajiri ya Mji Mkongwe wa Unguja ina sauti zake. Baada ya adhana na kabla ya honi ya vespa ya kwanza, mafagio ya chelewa huanza kukwaruza mbele ya milango, kisha hufuata gurudumu la mkokoteni likigonga mawe. Mkokoteni huo hauwezi kugeuka ndani ya uchochoro. Msukumaji huuacha penye upana, huingia kwa miguu mpaka mlango wa mwisho, hubeba ndoo, humimina, huirudisha, huifuata nyengine. Ndoo ya kawaida ya nyumba ya Kiponda au Mkunazini ina machicha ya nazi, maganda ya ndizi mbichi, mifupa ya samaki, majani ya chai, chupa mbili tatu za maji, nepi ya mtoto na betri ya rimoti, vyote vimeloana kwa maji yaliyooshewa samaki. Muda si mrefu vinakuwa ndani ya kontena la chuma kando ya barabara, paka wameshafika. Kutoka hapo safari ni ya jaa la Kibele.

Swali la mhadhara huu lina maneno machache na gharama kubwa. Je, sheria iilazimishe nyumba ile, na duka lililo chini yake, na hoteli iliyo mkabala wake, kutenga taka kabla hazijatoka mlangoni? Miji mingi mikubwa duniani imeshajibu ndiyo, na Unguja nayo itabidi ijibu, maana kisiwa hakina pa kusogezea jaa. Jibu linalotetewa hapa ni ndiyo, ila kwa sharti ambalo watunga sheria hulipita haraka: ndoo ya pili haina maana mpaka awepo mtu anayeisubiri. Pale alipokuwapo, watu wa visiwa hivi walitenga taka miaka na miaka bila ya kuamriwa na yeyote. Pale asipokuwapo, hata miji tajiri iliyojaa wakaguzi na faini imeishia njiani.

Zamani mji huu ulikuwa na gari lake la taka, nalo halikutia mafuta: ni bahari. Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi, na kwa upande wa mashariki ulitenganishwa na mitaa ya Ng'ambo kwa hori lililojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kilichotupwa ufukweni au horini kilisubiri maji yajae. Mpango huo ulitosha mji ulipokuwa mdogo. Ulipokua kwa biashara ya karafuu, pembe na watumwa, bahari ikaanza kurudisha ilichopewa. David Livingstone alipopita hapa mwaka 1866 alikerwa na uvundo wa ufukwe hata akalichezea jina la Zanzibar kwa lugha yake, akalipachika neno la kunuka. Daktari James Christie alikikuta kipindupindu cha 1869 na 1870 akiwa hapa hapa mjini, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kuhusu milipuko ya maradhi hayo Afrika Mashariki. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alishughulikia upande mmoja wa tatizo kwa kuleta maji safi ya mabomba kutoka chemchemi za kaskazini mwa mji. Upande wa pili, wa taka, uliachiwa bahari. Hori lenyewe lilikuja kuzibwa hatua kwa hatua, na leo anayepita Darajani anapita nchi kavu. Daraja limebaki katika jina tu.

Hata hivyo mengi ya yale yaliyotoka jikoni wakati huo hayakufika baharini, kwa sababu yalikuwa na wenyewe. Nazi moja inatosha kuwa ushahidi. Tui liliingia chunguni. Machicha walipewa kuku. Kifuu kilikuwa upawa, au kata ya kuchotea maji mtungini, au kuni. Kumbi, lile ganda la nje ambalo leo huonekana limerundikana nyuma ya masoko, lilianza safari ndefu zaidi. Wanawake wa vijiji vya pwani huyazika makumbi kwenye tope la pwani maji yanapokupwa na kuyakandamiza kwa mawe, kisha huyaacha miezi kadhaa bahari iozeshe kinachooza. Siku ya kuyafukua harufu yake hainyamazi. Hupondwa kwa magongo, huoshwa, hukaushwa, na usumba unaobaki husokotwa kwa viganja mpaka ukawa kamba. Kamba ya kitanda, kamba ya chombo na kamba ya kufungia mbuzi zote zilitoka kwenye kitu ambacho mpishi alikitupa.

Hakuna sheha, kiongozi wa mtaa, aliyepita nyumba kwa nyumba kuamrisha makumbi yawekwe mbali na majivu. Yaliwekwa mbali kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuyachukua. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa chupa ya soda ya kioo. Mtoto aliyetumwa dukani bila ya chupa tupu alirudi mikono mitupu, au aliacha pesa za chupa kama rahani. Kreti zilishuka na soda na kupanda na chupa tupu, na chupa moja ikazunguka kati ya kiwanda na duka mara nyingi. Kioo hicho hakikuonekana mitaroni, ijapokuwa shehia haikuwa na kanuni yoyote kuhusu kioo. Thamani ilikuwa imefungwa ndani ya chupa yenyewe.

Kilichobadilika ni vitu vyenyewe. Maji yamo ndani ya chupa ya plastiki isiyorudishwa, nepi si kitambaa tena, na sabuni ya unga huuzwa kwa vipakiti vya kutumia mara moja. Hata ufukweni, kilimo cha mwani kilichoanza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki kilikuja na kamba za nailoni na vijikamba vya plastiki ambavyo wakulima huviita taitai. Vinapokatika hubaki majini. Mwanamke ambaye mama yake alisokota usumba leo anafunga mwani kwa plastiki, na hakuna wa kulaumiwa katika hilo, kwani mwani ndio uliompa fedha yake mwenyewe mkononi.

Kilichobadilika zaidi ni idadi. Sensa ya 2012 iliikuta Zanzibar na watu 1,303,569. Ile ya 2022 ilihesabu 1,889,773, na kati yao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Karibu nusu ya watu wote wa Unguja na Pemba wamo katika mkoa mmoja ambao ni sehemu ndogo tu ya kisiwa chenye urefu wa kilomita 85 hivi. Juu yao kuna wageni. Takwimu rasmi za utalii zilifika zaidi ya wageni 638,000 kwa mwaka 2023 na kupita 736,000 mwaka 2024. Mgeni wa siku chache hunywa maji ya chupa, hupiga mswaki kwa maji ya chupa, na asubuhi huacha mezani nusu ya matunda aliyopewa.

Na chini ya yote hayo kuna jambo ambalo halionekani. Unguja haina mto wa kuutegemea. Maji ya kunywa ya kisiwa karibu yote yanatoka chini ya ardhi, kwa visima na chemchemi, na ardhi yenyewe kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe yenye matundu na mapango. Mvua ya masika ikinyesha juu ya rundo la taka, maji yanayochuruzika yana njia fupi kuelekea huko yanakochotwa mengine. Kibele iko Wilaya ya Kati, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini, na kwa mkaazi wa Shangani hiyo ni mbali. Kwa maji si mbali.

Wanaopendekeza sheria ya lazima hukumbusha, na kwa haki, kwamba Zanzibar imewahi kutangulia. Mwaka 2006 visiwa hivi vilipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka miwili kabla ya Rwanda, miaka 11 kabla ya Kenya, na miaka 13 kabla ya Tanzania Bara, ambako katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Hoja zilikuwa zinajulikana kwa kila mtu: mitaro inaziba, mbu wanazaliana, kasa wanameza mifuko wakidhani ni konyeza, fukwe zinaharibika. Na mkoba wa ukili, ambao ulikuwa umebaki kwa bibi na kwa watalii, ukarudi sokoni.

Katazo lile halikuwa kamili. Kwa miaka yote ambayo mifuko ilikuwa halali ng'ambo ya mkondo, iliendelea kupenya, na bandari bubu za kisiwa hazijawahi kukosa wateja. Lakini kwa jumla lilifaulu, na sababu yake ni ya kuangaliwa kwa makini. Mifuko ilikuwa ikiingia kwa chombo, na chombo hushusha bandarini, na bandari ina lango. Serikali ilihitaji kusimama mahali pachache. Mkaazi hakutakiwa kufanya kitu, alitakiwa asifanye. Sheria ya kutenga taka ni kinyume chake kabisa. Lango lake ni kila jiko la Mwanakwerekwe, kila chumba cha kupanga cha Ng'ambo, kila gesti ya Paje, na mkaazi anatakiwa atende jambo lile lile kila siku, wakati hakuna anayemuona. Anayedhani kwamba ushindi wa 2006 utajirudia wenyewe anachanganya mlango mmoja na milango laki moja.

Upande wa sheria, msingi upo. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar inajitungia yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2014 imeyapa mabaraza ya manispaa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tanzania Bara, katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, imezitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa pale zinapozalishwa. Kenya ilikwenda mbele zaidi mwaka 2022 kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayomtaka kila mwenye nyumba na kila taasisi kutenga taka zinazooza na zisizooza katika vyombo tofauti, na kumtwisha mzalishaji wa bidhaa sehemu ya mzigo wa kile kinachobaki baada ya bidhaa kutumika.

Ila Nairobi ina Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayakuacha kuingia. Mtu wa mtaa wa Buruburu au Umoja anayetenga maganda na chupa ana haki ya kuuliza kama vitu hivyo vitakutana tena nyuma ya lori moja. Swali hilo ndilo linaloua sheria za namna hii kila mahali. Mkaazi akiona mara moja tu ndoo zake mbili zikimiminwa pamoja, hatatenga tena, na hakuna faini itakayomrudisha.

Miji mikubwa ya mbali nayo imepita hapo. New York iliufanya urejelezaji kuwa wa lazima kwa sheria ya 1989. Mwaka 2002, bajeti ilipobana, meya Michael Bloomberg alisimamisha ukusanyaji wa plastiki na kioo kwa sababu ulikuwa ukigharimu zaidi ya ulichorudisha. Plastiki ilirudi mwaka uliofuata, kioo mwaka 2004. Sheria haikufutwa, mnunuzi ndiye aliyepungua, na amri ikalala. Mwaka 2018 China ilipofunga mlango kwa taka nyingi za plastiki na karatasi kutoka nje, miji ya Marekani, Ulaya na Australia iligundua kwamba kwa miaka mingi mpokeaji wa ndoo yao ya pili alikuwa upande wa pili wa dunia.

Cairo inatoa funzo jengine, nalo ni chungu. Huko kuna jamii inayoitwa Zabbalin, yaani watu wa taka, ambao kwa miongo walipita mlango kwa mlango, wakachukua taka, wakazichambua majumbani mwao na kurejeleza sehemu kubwa mno, kwa makadirio mengi kiasi cha asilimia 80. Mwaka 2003 serikali iliwapa mikataba wageni, makampuni ya Hispania na Italia, yakaja na malori na makontena yao. Malori hayakupenya mitaa myembamba, na watu waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni hawakuyafuata makontena. Kisha mwaka 2009, kwa hofu ya mafua ya nguruwe, nguruwe wote wa Zabbalin waliuliwa. Nguruwe hao ndio waliokuwa wakila mabaki ya chakula ya mji. Majira hayo Cairo iliona taka za chakula zikirundikana mitaani kuliko kawaida. Mpokeaji alikuwa na miguu minne, na hakuna aliyemuweka kwenye hesabu mpaka alipokosekana.

Hapa Unguja mpokeaji huyo hatakuwa nguruwe, hilo halina mjadala. Lakini swali lake ni lile lile, na kwa Unguja ndilo la kwanza: nani atapokea kinachooza? Wazungumzaji wengi wa urejelezaji huanza na chupa za plastiki kwa sababu zinaonekana. Ukiiangalia ile ndoo ya Kiponda, sehemu yake kubwa ni maganda, machicha na mabaki ya chakula, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika. Uchafu huo unaooza ndio unaonuka, ndio unaoita nzi na panya, na ndio unaolowanisha karatasi na chupa mpaka zisiuzike. Chupa kavu ina bei. Chupa iliyopakaa mchuzi wa samaki ni taka.

Korea Kusini ililiona hilo mapema. Mwaka 2005 ilikataza mabaki ya chakula kufukiwa ardhini, na kuanzia 2013 nyumba za Seoul na miji mengine hulipia mabaki hayo kwa uzito au kwa ujazo wa mfuko. Leo zaidi ya asilimia 95 ya mabaki ya chakula nchini humo hugeuzwa chakula cha mifugo, mbolea au gesi. San Francisco ilifuata mwaka 2009 kwa sheria ya kulazimisha kila nyumba na kila biashara kutenga mabaki ya kuozeshwa. Katika miji hiyo amri ilikuta mashamba na mitambo ya kuozesha imeshasimama. Kwa upande wa pili, kijiji cha Kamikatsu, Japani, chenye watu wasiozidi 1,500, hutenga taka kwa mafungu zaidi ya 40. Huvutia wageni na kupigwa picha, lakini ni wazi kwamba mji wa watu laki tisa, wenye familia nzima katika chumba kimoja cha kupanga, hautaanza na ndoo 40. Utaanza na mbili: mbichi na kavu.

Mbichi ina pa kwenda hapa kuliko inavyofikiriwa. Sehemu kubwa ya mboga na viungo vinavyopikwa mahotelini huvuka mkondo kutoka Bara, nyanya na viazi vya Lushoto vikiwa miongoni mwao, huku udongo wa maweni wa mashariki mwa kisiwa ukiwa mwembamba na wenye njaa. Rutuba inanunuliwa, inavushwa kwa jahazi, inaliwa nusu, kisha nusu iliyobaki inapelekwa Kibele ikatoe maji machafu juu ya maji ya kunywa. Mboji haihitaji mtambo wa mamilioni. Inahitaji kivuli, maji, koleo, mtu wa kuigeuza na, zaidi ya yote, taka isiyo na nepi wala vipande vya chupa ndani yake. Hapo ndipo kutenga kunapopata maana kwa mkulima wa Jambiani, si kwa mwanamazingira tu.

Kavu nayo ina njia, ingawa ni nyembamba. Waokotaji hupita na viroba wakichagua chupa na vyuma chakavu, na wanunuzi huwapimia kwa kilo. Plastiki inayokusanywa hupangwa, hubanwa na kuvushwa Dar es Salaam, ambako viwanda viko. Nauli ya bahari hula faida. Kampuni ya Zanrec ilijitokeza miaka iliyopita kuchukua taka za mahoteli na kuzichambua, na karakana ya Chako ikaonesha kwamba chupa za mvinyo kutoka mahotelini, ambazo hazina mwenyewe wa kuzirudishia, zinaweza kukatwa na kuwa glasi na taa. Mapema mwaka 2019 Flipflopi, dau la mita 9 lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa ndara 30,000 zilizookotwa, lilisafiri kiasi cha kilomita 500 mpaka Unguja. Lilipendwa na kila aliyeliona. Lakini dau ni hoja, si kiwanda.

Dar es Salaam kuna mfano wa ukubwa unaofaa zaidi kuigwa. Katika kata ya Bonyokwa, kwa msaada wa taasisi ya Nipe Fagio, wazoa taka walijiunga katika ushirika, wakawaelekeza wenye nyumba kutenga, wakachukua taka mlango kwa mlango, na kuzipeleka mahali palipojengwa kata hiyo hiyo, ambapo kinachooza huozeshwa na kinachouzika hupangwa. Aliyeomba ndoo mbili ndiye aliyerudi kuzichukua. Aliyetenga vibaya aliambiwa uso kwa uso, na mtu anayemjua.

Kwa hiyo sheria ya Unguja iandikweje? Ianze na wachache wenye taka nyingi. Hoteli, migahawa, masoko, bandari na ofisi za serikali zinajulikana kwa majina, zina leseni zinazohuishwa kila mwaka, zina watumishi wanaoweza kufundishwa, na nyingi zipo penye njia ya gari. Leseni ni lango, kama bandari ilivyokuwa lango mwaka 2006. Mwenye hoteli ya vyumba 100 akitakiwa aoneshe mkataba wa kupokewa taka mbichi kabla ya kupewa leseni mpya, atamtafuta mpokeaji mwenyewe, na akimkosa atampigia kelele Waziri. Kelele hizo zina faida. Wenye mashamba ya mboji na wanunuzi wa kavu watapata mzigo mkubwa na wa uhakika, wataajiri, watanunua vyombo, na watakapofikiwa na ndoo za majumbani watakuwa wameshazoea kazi.

Majumbani amri ifuate shehia baada ya shehia, kila moja ianze siku ambayo mpokeaji wake ameshapatikana, si siku moja kisiwa kizima kwa tangazo la redio. Mji Mkongwe, wenye eneo la urithi wa dunia la hekta 96 tu, unahitaji utaratibu wake: mkokoteni wenye sehemu mbili, ratiba inayojulikana, na mbichi kuchukuliwa kila siku kwa sababu joto halingoji. Michenzani, ambako familia hupishana katika ngazi za majumba marefu, utaratibu hautakuwa huo. Na masheha, ambao hujua nani amehamia na nani ameoa, wapewe kazi ya kusuluhisha kabla ya mkaguzi kupewa kitabu cha faini.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya wanyonge: mtu anayepanga chumba kimoja ataweka wapi ndoo mbili? Ni kweli, na ndiyo sababu ndoo ya mbichi inatakiwa iwe ndogo yenye mfuniko, na iondoke kila siku. Faini kwa nyumba isiyohudumiwa itakuwa kodi ya umasikini tu. Pingamizi ya pili ni ya waokotaji. Taka zikishatengwa majumbani na kupewa kampuni moja, wao watakuwa wameporwa riziki kwa jina la usafi, kama ilivyotaka kuwa Cairo. Sheria ndogo inaweza kulizuia hilo kwa mstari mmoja: vikundi vyao visajiliwe na vipewe haki ya kuchukua kavu katika shehia zao kabla ya mgeni yeyote.

Wengine watasema watu hawana utamaduni wa kutenga. Wanaosema hivyo wapite Forodhani usiku wowote mkavu. Bustani hiyo, iliyofungwa kwa matengenezo na kufunguliwa tena mwaka 2009 kwa kazi ya mfuko wa Aga Khan wa utamaduni, hujaa meza, taa na moshi kila magharibi. Muuza juisi ya miwa ana rundo la makapi upande wake wa kushoto: meupe, matamu, hayana kitu chengine ndani. Jirani yake wa mishikaki ana vijiti vyake. Wa urojo ana maganda ya viazi na bakuli tupu. Kila mmoja amekwisha kutenga, kwa sababu kila mmoja anatengeneza kitu kimoja. Wanajulikana kwa majina, wamekaa penye lango, barabara ya Mizingani iko hatua chache, na gari linafika.

Kisha saa ya kufunga hufika. Makapi ya miwa yanazolewa kwa mikono miwili, yanabebwa mpaka kwenye kontena moja lililopo, na yanaangukia juu ya glasi za plastiki, mifupa ya pweza na mchuzi uliomwagika. Yalikuwa safi tangu magharibi. Manispaa ikitaka kujua ianzie wapi, kontena la pili hapo, na mfugaji mmoja wa ng'ombe wa kuja kulichukua kabla ya alfajiri, vitatosha kwa wiki ya kwanza.